Je, mnyama aliye ardhini anaweza kukuwinda kwa kusikia nyayo zako tu?

Mzee Edgar yuko juu ya mlingoti wa umeme katikati ya jangwa, kakumbatia bunduki yake. Anaitwa, haitiki. Mmoja wa vijana wawili wanaopita anampandia na kumkuta ameshakufa. Hakupigwa risasi wala hakuumwa na kitu. Daktari anasema kafa kwa kiu. Ajabu ni hiyo: mtu mzima mwenye silaha kakaa juu ya vyuma mpaka koo likamkauka, asithubutu kushuka. Kule chini kuna nini?

Kule chini kuna minyoo, lakini si hii ya kuvulia samaki. Filamu ni Tremors ya mwaka 1990, iliyoongozwa na Ron Underwood. Mji wenyewe ni Perfection, Nevada, wenye watu 14, uliozungukwa na milima, na barabara yake ya kutokea imezibwa na maporomoko ya mawe. Minyoo hao ni wakubwa kama basi dogo na hawana macho. Ukikanyaga udongo, wanakuja. Basi wakazi wanaishia juu ya mapaa na majabali, wakinong'onezana kama watoto waliomficha baba yao jambo. Wazo lilimjia S. S. Wilson, mmoja wa waandishi wake, siku aliyokuwa ameketi juu ya jiwe kwenye jangwa la California akajiuliza: je, kama kungekuwa na kitu kinachonizuia nisishuke hapa?

Mazimwi ni ya kubuni. Ila hiyo mbinu yao ya kuwinda ipo kweli, tena katika jangwa la Mojave la huko huko California. Mwenye nayo ni nge.

Nge huyu wa mchangani hutoka usiku, akasimama kimya, miguu yake minane imetandazwa kama duara. Anayemtafuta mara nyingi ni mende aliyejifukia mchangani, yaani ni kinyume cha filamu: mwindaji yuko juu, mwindwa yuko chini. Mende akijitikisa, mchanga hutetema, na mtetemo huo husambaa kama viduara vya maji ya dimbwi lililotupiwa kokoto. Miguuni mwa nge kuna mipasuko midogo sana inayohisi mtetemo. Mguu ulio karibu na mende huguswa kwanza, ule wa upande wa pili huguswa baadaye kidogo, na nge hugeukia kule kulikotangulia.

"Kidogo" hapa ni kidogo kwelikweli: sehemu 2 kati ya 10,000 za sekunde humtosha. Mtafiti Philip Brownell, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1977, ndiye aliyemulika jambo hili. Katika jaribio mojawapo nge alisimamishwa juu ya vipande viwili vya mchanga vilivyoachana, miguu ya kushoto huku, ya kulia kule. Kipande kimoja kikitikiswa mapema kuliko chenzake, nge aligeukia upande huo, ingawa hapakuwa na mende wala kivuli chake.

Mende akiwa karibu, kama sentimita 10 hivi, nge humfikia kwa mara moja. Akiwa nusu mita, nge hupata mwelekeo tu. Atasogea hatua chache, atasimama, atangoja mende ajitikise tena. Mende akitulia, nge naye hutulia. Kwa hiyo ule ushauri wa filamu, kwamba usitikisike, una mashiko.

Na kupanda jiwe je? Hapo nampa mwandishi pongezi, hata kama hakukusudia. Mchanga mkavu ni mzito wa kupitisha habari: mawimbi ya juu yake huenda mita 50 hivi kwa sekunde, wakati sauti hewani huenda mita 340. Ndiyo maana nge anapata nafasi ya kulinganisha mguu na mguu. Kwenye mwamba mgumu mawimbi hukimbia maelfu ya mita kwa sekunde, na miguu yote ingeguswa karibu kwa pamoja. Tena mtetemo ukifika pale mchanga unapokutana na mwamba, sehemu yake kubwa hurudishwa ulikotoka.

Uongo wa filamu uko kwenye mbio. Mnyoo mzima kupasua udongo huku akifukuzana na farasi? Haiwezekani. Kuchimba ni kazi ya kuvunja mgongo. Mnyama anayechimba hutumia nguvu mamia ya mara kuliko angepita umbali ule ule juu ya ardhi. Yule fuko-dhahabu wa jangwa la Namib, ambaye macho yake yamefunikwa na ngozi, "huogelea" mchangani polepole tu, na anapotaka kwenda mbali hutoka akatembea juu. Kila baada ya muda huzamisha kichwa mchangani kusikiliza. Ndani ya sikio ana kifupa kikubwa kupita kiasi kwa umbo lake, na kazi yake ni hiyo ya kunasa mitetemo. Anayetafutwa ni mchwa.

Wanaotumia ardhi kwa mambo makubwa zaidi ni tembo. Ngurumo zao nzito hupita hewani na ardhini kwa pamoja, na huko Samburu, Kenya, watafiti walizipima ardhini kwa vifaa vile vile vya kupimia matetemeko, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Ukilikuta kundi limeganda ghafla, masikio hayapepei, mmoja kainua mguu wa mbele na uzito wote kautupia kwenye mguu uliobaki, subiri kidogo kabla ya kuwasha gari. Huenda kuna mwenzao anayewaita kutoka mbali, nao wanamsikiliza kwa nyayo.