Je, wajua kwa nini mixa ya "chaneli 10" inapokea maiki 4 tu?

Ukiulizia mixa ndogo (mashine ya kuchanganya sauti) Mwanjelwa, Mbeya, swali la kwanza utakalorudishiwa ni "ya chaneli ngapi?" DJ wa kuzunguka, yule ambaye Jumamosi hii ana send-off Mbalizi na wiki ijayo kipaimara Tukuyu, atajibu kumi, maana kumi inasikika kama inatosha na kubaki. Akifika kwenye shughuli anachomeka maiki ya MC, ya mchungaji, mbili za kwaya. Anakuja mjomba wa bibi harusi na maiki yake ya kukodi. Tundu la tano halipo.

Hajatapeliwa. Kiwanda kimehesabu kwa namna yake. Muziki wa stereo una upande wa kushoto na wa kulia, na kila upande unahesabiwa chaneli moja. Ndiyo maana kwenye mixa unakuta nobu moja imeandikwa namba mbili zilizotengwa kwa mkwaju. Chukua Yamaha MG10XU: ina chaneli 4 za mono, ambazo ndizo zinazopokea maiki, na jozi 3 za stereo. Nne na sita, kumi. Behringer Xenyx 802 ina nane kwenye jina, lakini maiki ni 2 tu.

Kwa nini wasiweke tundu la maiki kila mahali? Gharama. Maiki hutoa umeme kidogo mno, milivolti chache tu, wakati laptop au kontrola (kifaa ambacho DJ hukitumia kuendesha nyimbo za laptop) hutoa unaokaribia volti nzima, mara mamia zaidi. Ili sauti ya MC ifikie nguvu ya muziki, lazima ipite kwanza kwenye saketi ya kuikuza, na saketi hiyo ikitengenezwa ovyo inaleta mvumo kama wa redio isiyoshika stesheni. Kwa hiyo wanaweka chache. Ukilazimisha maiki kwenye chaneli ya stereo isiyo na saketi hiyo, MC atapaza sauti "ugonile!" na meza ya kamati peke yake ndiyo itakayoitikia.

Kinyume chake kina maajabu zaidi, na wengi kimewatesa bila kujua chanzo. DJ ana waya unaotoka tundu la hedifoni la laptop, mwisho wake una kichwa cha XLR, kile cha mviringo cha waya wa maiki. Anauchomeka kwenye chaneli ya maiki. Matoazi yanalia, magitaa yapo, lakini mwimbaji hayupo! Umebaki mwangwi wake kwa mbali, na besi nayo imenyong'onyea. Watu wanadhani wimbo umepakuliwa vibaya.

Sababu yake ni hii. Waya wa XLR una pini tatu. Moja ni ya ardhi, na mbili zinabeba sauti ileile, ila moja imegeuzwa kinyume. Mixa ikipokea inatoa moja kwenye nyingine: makelele yaliyonaswa njiani yako sawa kwenye nyaya zote mbili, hivyo yanafutana, na sauti halisi inabaki. Ni mbinu safi kwa maiki iliyo mita 20 kutoka mezani. Sasa, ukiingiza stereo kwenye pini hizohizo, mixa itatoa upande wa kushoto kwenye wa kulia. Sauti ya mwimbaji, besi na ngoma kubwa kwa kawaida hurekodiwa katikati, sawasawa pande zote mbili. Zinafutwa kana kwamba ni makelele. Dawa ni waya unaogawanyika kushoto na kulia, uingie kwenye jozi ya stereo. Hapo ndipo jozi hizo zinapostahili heshima yake.

Kuna wanaouliza kama mixa inahitajika kabisa, wakati kontrola ina tundu la maiki. Mimi nasema inahitajika. Kwenye kontrola nyingi za bei ya chini, laptop ikiganda na kontrola ikapoteza umeme wa USB, maiki inaweza kufa pamoja na muziki. Ukumbi mzima kimya, wazazi wanatazamana. MC akiwa kwenye mixa ataendelea kuchekesha watu huku wewe unawasha upya, na ikibidi unachomeka simu kwenye jozi ya pili. Kwa hiyo nikichagua ya kubeba naangalia maiki angalau 3, jozi 2 za stereo, na matokeo, yaani matundu ya kutolea sauti.

Matokeo ndiyo yanasahaulika. Mpiga video atakuja tu, hata kama kamati haikukuambia, na atataka sauti. Mpe tundu la kurekodia, lililoandikwa REC OUT, kama mixa yako inalo. Ukimpa la hedifoni na wewe unasikilizia nyimbo humo, maharusi watakuja kusikia kwenye video yao nyimbo zote ulizokuwa unazitafuta, zikipita juu ya nasaha za baba mzazi.

Kuhusu madoido ya sauti, kama mwangwi, siongei sana. Ile MG10XU ina 24 ndani. Mwangwi kidogo unampendeza MC, mchungaji haumfai.

Mngurumo ni suala jingine. Ule wa chini, usiokoma hata muziki ukisimamishwa, mara nyingi unatokana na laptop na mixa kupata ardhi kwa njia mbili tofauti, labda tundu moja la ukuta huku na jingine kule kwenye spika. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na ndio huo unaousikia. Chomoa chaja ya laptop: mngurumo ukikatika, umempata mchawi. Vyote vilishwe kutoka ekstensheni moja. Bado unasumbua? Weka kisanduku cha DI chenye transfoma kati ya laptop na mixa; kinapitisha sauti huku kikikata njia ya ardhi kati yao. Wapo wanaokata pini ya ardhi kwenye plagi, na kweli kelele inaisha, lakini siku hitilafu ikitokea umeme unaweza kupita kwenye mkono wa anayeshika maiki. Usithubutu.

Na kitufe cha 48V? Ni cha kulisha maiki za kondensa, zile nyeti zinazohitaji umeme ili zifanye kazi. Maiki ya kawaida ya kushika mkononi haikihitaji. Kiache kimezimwa.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Mixa iliyolala kwenye buti usiku wa Julai Uyole, ikiingizwa ghafla kwenye ukumbi uliojaa watu, inatoka jasho ndani kama miwani. Iache kwenye begi lake ipate joto polepole kabla ya kuiwasha. Kiangazi vumbi linaingia kwenye mianya ya fada (vidhibiti vya kusukuma juu na chini) na kuzifanya zikwaruze, ndiyo sababu kwa barabara za vumbi napendelea mixa ndogo za nobu za kuzungusha, ingawa DJ aliyezoea fada atalalamika.

Kabla hujalipa, geuza adapta usome maandishi yake. Mixa nyingi za kubeba hazina plagi ya moja kwa moja, na adapta zake, zikiwemo za MG10XU na Xenyx 802, hutoa umeme wa AC, si DC kama chaja ya simu au ya ruta. Ikipotea kwenye basi, hutaipata ya kufanana kwa fundi wa kona, na ya DC haitaiwasha hata kama kichwa kimeingia. Muulize muuzaji kama anauza adapta peke yake. Akisema hapana, hesabu bei ya kuiagiza Dar es Salaam ndani ya bei ya mixa.