Mafuta ya Chongoleani: waja leo, waondoka leo

Dhana: "Tanga sasa tuna mafuta."

Ukweli: Tuna bomba. Mafuta ni ya Uganda, yaligunduliwa kando ya Ziwa Albert mwaka 2006, na safari yake kutoka Hoima hadi Chongoleani, hapa pwani ya Tanga, ni kilomita 1,443. Kati ya hizo, 1,147 ziko upande wetu wa Tanzania. Tutapata tozo ya kupitisha, na kupitia TPDC, shirika la mafuta la taifa, tuna asilimia 15 ya hisa za bomba. Mji wetu huitwa "waja leo, waondoka leo", na sijaona mgeni anayelistahili jina hilo kuliko mafuta haya. Anayejihesabia utajiri wa Kiarabu barazani, kahawa haijapoa, anahesabu mfuko wa jirani.

Dhana: "Norway wana mafuta na mazingira wameyatunza. Wao wameshamaliza kazi."

Ukweli: Mfano huu haukosekani mjadala ukipamba moto. Ni kweli, mwaka 2024 karibu magari mapya tisa kati ya kumi yaliyouzwa kule yalikuwa ya umeme. Ila mafuta na gesi bado wanachimba na kuuza nje, na moshi wa pipa lililochomwa Ujerumani huandikwa kwenye daftari la uchafuzi wa hewa la Ujerumani. Umeme wao karibu wote ni wa maji, kwa hiyo mafuta yao mengi ni ya kuuza. Tofauti kubwa iko kwenye pesa: mapato huingia kwenye mfuko ulioanzishwa mwaka 1990, na serikali imejiwekea kikomo cha kutumia takriban asilimia 3 ya mfuko huo kwa mwaka. Ugomvi wenyewe haujaisha. Wanabishana miaka nenda rudi juu ya bahari ya Lofoten, wanakotaga samaki wao wa biashara, na mpaka sasa hawajairuhusu ichimbwe. Hilo la Lofoten ndilo ningependa tuwaige, lakini wengi wetu tunataka magari tu.

Dhana: "Bomba limefukiwa, bahari haiguswi."

Ukweli: Bomba limefukiwa, lakini matangi yako Chongoleani na meli zitapakia baharini. Mafuta haya yana nta nyingi, ndiyo maana lazima yapashwe moto njia nzima, kwenye nyuzi 50 hivi, yasigande. Basi kuna wanaosema yakimwagika yataganda, tutayaokota kama kokoto. Bonge la nta halimsubiri mwokotaji. Mkondo hulibeba hadi kwenye mikoko na fukwe, na pwani ya kuelekea Pangani iko ndani ya hifadhi ya silikanti iliyotangazwa mwaka 2009, makao ya samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka zama za dinosaria, hadi mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938.

Dhana: "Anayeuliza hayo hataki ajira."

Ukweli: Mwenye dau anayeuliza atatega wapi meli zikianza kupakia, anaulizia ajira yake.