Kicheza muziki cha dijitali: maana yake na namna ya kuchagua aina inayofaa

Kicheza muziki cha dijitali ni kifaa cha mfukoni kinachohifadhi au kusoma nyimbo zikiwa faili, kisha kuzigeuza kuwa sauti bila kaseti, santuri wala intaneti. Vya kwanza viliingia sokoni mwaka 1998 vikiwa na nafasi ya megabaiti 32. Kwa kuwa faili ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 1 kwa dakika, nafasi hiyo ilitosha nusu saa tu ya muziki.

Mnunuzi wa Kisumu au Nakuru huenda akavutiwa kwanza na rangi au ukubwa wa kioo, lakini kinachotenganisha aina hizi ni mahali nyimbo zinapokaa na njia zinazoingilia. iPod ya kwanza, iliyotangazwa na Apple Oktoba 2001, ilikuwa na diski ngumu ya gigabaiti 5 inayozunguka ndani, nayo ilihitaji programu maalumu ya kompyuta ili kutiwa nyimbo. Diski ya namna hiyo haipendi mtikisiko, kwa hiyo anayesafiri kwa bodaboda katika barabara ya murram asinunue kifaa cha diski, hata akikipata kwa bei nafuu katika mitumba. Aina ya pili hutumia kumbukumbu ya flashi, yaani chipu iliyofungwa ndani ya kifaa; haina kitu kinachozunguka, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya ichukue nafasi ya diski.

Aina ya tatu, ambayo naiona kuwa bora kwa wasikilizaji wengi wa huku kwetu, husoma memori kadi au flashi diski. Nyimbo hunakiliwa kutoka kompyuta yoyote bila programu ya ziada, na kadi ileile huhamishwa kutoka kicheza muziki hadi redio ndogo ya nyumbani. Vifaa vingi vya bei ya chini husoma kadi zisizozidi gigabaiti 32, lakini nafasi hiyo hubeba zaidi ya saa 500 za MP3 za kiwango nilichotaja. Anayependa FLAC, aina ya faili ambayo haipotezi chochote cha sauti ya asili, atahitaji nafasi kubwa zaidi na kifaa kinachoisoma.

Jambo linalowaudhi sana wapenzi wa benga ni mpangilio. Katika santuri za kasi ya mizunguko 45 kwa dakika, nyimbo nyingi za benga zilikatwa sehemu mbili, moja kila upande, na zilipohamishwa kwenye kompyuta mara nyingi zilibaki faili mbili. Vifaa vingi vya bei ya chini havifuati alfabeti wala namba, bali hucheza faili kwa utaratibu zilivyonakiliwa, hata gitaa likakatizwa pale linapopamba moto na wimbo mwingine kabisa ukaanza. Anayekuwekea nyimbo aombwe anakili sehemu ya kwanza kabla ya ya pili. Afadhali zaidi, nenda dukani na kadi yako mwenyewe, uijaribu pale pale.

Angalia pia betri. Iliyofungiwa ndani ikichoka, kifaa kizima huhitaji fundi, ilhali kinachotumia betri ya BL-5C, ileile ya simu nyingi ndogo za Nokia, hubadilishwa betri kwa dakika moja. Mwombe muuzaji akufungulie kifuniko cha nyuma kabla hujalipa.