launch.json ni faili la nini?

Visual Studio Code yenyewe haijui namna ya kuendesha programu yako. Ni edita: inafungua mafaili, inapaka msimbo rangi, inahifadhi. Ukitaka kubonyeza F5 na dirisha la programu lichomoze, mara nyingi lazima edita iwe imeelezwa ianzie wapi. Maelezo hayo huandikwa kwenye launch.json, faili dogo la maandishi linalokaa katika folda ya .vscode ndani ya mradi.

Kipengele cha "type" kinataja dibaga, yaani chombo kinachoweza kuisimamisha programu katikati ya kazi na kuchungulia ndani yake: coreclr kwa C#, debugpy kwa Python, node kwa JavaScript. Ya JavaScript imo tayari. Hizo mbili huja na viendelezi unavyosakinisha mwenyewe. "program" inataja faili la kuanzia.

Kinachovuruga watu ni "request", ingawa majibu yake ni mawili tu. Ukiandika launch, edita ndiyo itakayowasha programu. Ukiandika attach, programu iko hewani tayari na dibaga inaidandia njiani, kwa hiyo itahitaji namba ya mchakato au poti ya kudandia.

Kwa C# usisahau "preLaunchTask", inayojenga mradi upya kabla ya kuuwasha. Bila hiyo utarekebisha msimbo, utabonyeza F5, na kasoro ya jana itakutazama vilevile.

Baada ya hapo unaweka kituo: bofya kushoto kwa namba ya mstari, au bonyeza F9, itokee doti nyekundu. Programu ikifika hapo husimama kabla ya kuutekeleza mstari huo, nawe unaona kila kigeu kimebeba nini. F10 inasogea mstari mmoja. F11 inaingia ndani ya funksheni inayoitwa. Mimi naona njia hii inashinda kumwaga print (amri ya kuandika thamani kwenye skrini) kila kona, japo tabia hiyo sijaiacha.

Programu za Electron, yaani programu za kompyuta zinazojengwa kwa teknolojia za wavuti, zina mtego wake (na VS Code yenyewe imejengwa juu ya Electron). Mchakato mkuu hufungua madirisha. Mwingine huchora kilichomo. Ukiweka usanidi wa mchakato mkuu peke yake, doti uliyoiweka kwenye msimbo wa kitufe hubaki kijivu, na unabofya kitufe hadi uchoke. Dawa ni kuiwasha Electron na --remote-debugging-port=9222, kisha kuongeza usanidi wa pili wenye type ya chrome, request ya attach na poti hiyohiyo. Kipengele cha "compounds" huwasha zote mbili kwa mpigo. Kwenye Windows, "runtimeExecutable" ielekeze kwenye electron.cmd, si electron kavu.