Rada haikuvumbuliwa Jengo Namba 20, na korido hazina uchawi

Wiki hii nimeulizwa tena: "Jengo Namba 20, si ndilo lile la MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walimovumbua rada?" Silo. Rada ilikuwepo tangu miaka ya 1930. Maabara ya Mionzi ya MIT, iliyounda rada za vita (jina lilikuwa la kuwazuga wapelelezi tu), ilianza mwishoni mwa 1940, Waingereza walipowapelekea Wamarekani magnetroni yao, kifaa cha kuzalisha mawimbi ya rada. Jengo Namba 20 lilikuja 1943, majengo mengine ya maabara hiyo yalipofurika watu, na likabomolewa 1998. Hilo limekwisha.

Kinachonikera hasa ni hadithi ya pili, kipenzi cha wasanifu majengo: eti korido zake ndefu zilipoteza watu njia, mwanafizikia akagongana na mwanaisimu, wazo likazaliwa. Basi panua korido, weka mashine ya kahawa katikati, usubiri uvumbuzi! Jamani.

Tazameni mbao. Chuma kilikuwa kinamezwa na vita, kwa hiyo nguzo na mihimili ikawa ya mbao, ghorofa tatu. Kanuni za moto hazikuruhusu. Likaachiwa lipite kwa sababu lilikuwa la muda, livunjwe miezi sita baada ya vita. Likakaa miaka 55! Kiangazi lilikuwa tanuri, kipupwe upepo ukapenya madirishani. Nani angelionea huruma? Ukitaka kupitisha waya chumba cha pili, unatoboa ukuta, humwombi mtu kibali. Mwanafizikia Jerrold Zacharias alipounda saa yake ya atomiki, mtambo ulikuwa mrefu kuliko chumba, basi akaondoa sakafu mbili ili usimame wima. Kutokujaliwa huko ndiko kulikozaa matunda. Korido ndefu hata hospitali zinazo.

Ila nami nina shaka. Wanaisimu Noam Chomsky na Morris Halle walikuwa na ofisi humo, na klabu ya wanafunzi waliounda treni ndogo za mfano pia. Jengo bovu hupewa wasio na pa kwenda: fani changa, miradi isiyo na mwenyewe. Huenda halikuwafanya wabunifu. Liliwapokea tu wakiwa tayari wabunifu, tena fedha za jeshi zikiwa zinamiminika. Siku nyingine naamini hivi, siku nyingine vile.

Pale pale sasa pana Stata Center, jengo la MIT lililosanifiwa na Frank Gehry na kufunguliwa 2004, kuta zimeinama kama zimelewa. Nalipenda. Ila mpangaji wa humo akiingia na msumeno, nadhani walinzi watafika kabla hajaugusa ubao wa kwanza.