Orodha za vitu vya mikono mtandaoni: yanayosemwa na yalivyo

Kwenye masoko ya mtandaoni ya vitu vya mikono kuna kazi moja isiyomtaka mtu awe fundi wala mwenye duka: kuchagua vitu vya watu mbalimbali, kuvipanga chini ya jina moja, kisha kuwaachia wanunuzi wavitazame. Etsy, soko lililoanzishwa Brooklyn, New York, mwaka 2005, lilikuwa na sehemu maalumu ya kazi hiyo iliyoitwa Treasury. Orodha moja ilibeba vitu 16, safu nne za vitu vinne vinne, na iliyopendeza ilipandishwa ukurasa wa mbele. Sehemu ile ilishafungwa, ila kazi yenyewe ipo. Siku hizi mtu anabonyeza alama ya moyo, anapanga vipendwa vyake kwenye mikusanyo ya wazi au ya siri, au anavipeleka kwenye ubao wa Pinterest, mtandao wa kukusanyia picha. Hapa Dodoma wanaoifanya bado ni wachache, na kati ya hao wengi wanaiona kama tangazo tu. Ndiyo maana yanayosemwa juu yake mengi hayako sawa.

"Bila duka huwezi kutengeneza orodha."

Unaweza. Akaunti ya mnunuzi inatosha, na ni bure. Ada ziko upande wa muuzaji: Etsy inamtoza senti 20 za dola kwa kila bidhaa anayoiweka, nayo inakaa miezi minne, kisha ikiuzwa anakatwa asilimia 6.5 ya bei, kiwango kilichoanza Aprili 2022. Anayechagua na kupanga hatoi kitu zaidi ya bando lake. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma mwenye jicho zuri na simu ya kawaida anaweza kuandaa orodha ikatembea kuliko ya mwenye duka la miaka mingi.

"Orodha ni pa kuwekea vitu vyangu."

Hii ndiyo inayoharibu orodha nyingi. Enzi za Treasury waandaaji walikuwa na adabu yao: hujazi bidhaa zako, na ukishachukua kitu duka moja, kinachofuata unakitafuta duka jingine. Walikuwa na sababu. Vitu 16 vya mtu mmoja ni duka lake lililopewa jina jipya, na anayetaka duka lake anajua lilipo. Lakini ukiwaweka mafundi wengine 15, hao wote wana sababu ya kuisambaza. Fundi wa vikapu wa Singida akiona kikapu chake kimepangwa vizuri kando ya kazi za watu, anairusha status siku hiyohiyo bila kuombwa, na watu wake wanakufikia hata wewe ambaye hukujitangaza.

Katalogi ya WhatsApp Business ni habari nyingine. Ile ni ya biashara yako, na makundi unayoyapanga mle ni rafu za dukani kwako. Jaza vyako mpaka uchoke.

"Vitu vikiwa vingi ndiyo orodha nzuri."

Rundo la mitumba mnada wa Msalato, hapa Dodoma, lina raha yake, kwa sababu mtu amekwenda Jumamosi ile kwa makusudi, ana muda, na anapenda kuchambua. Aliye na simu mkononi ndani ya daladala hachambui. Akipewa vitu 80 atapitisha kidole mara tatu na kuondoka. Ile 16 ilikuwa kipimo kizuri, na mimi bado nakifuata hata pale ambapo hakuna anayenilazimisha.

"Rangi zikifanana, mada imepatikana."

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kazi. Kupanga kwa rangi ni rahisi: vitu vyekundu 16, mkufu, mkoba, kikombe, kilemba, basi. Inapendeza kwa mbali, na hakuna anayekumbuka alichokiona. Mada ni kile kinachomfanya mtu aelewe kwa nini kitu cha tatu kimekaa baada ya cha pili.

Chukua kibuyu. Kanda hii ya kati ni kavu, na kibuyu kiliingia majumbani kabla ya ndoo na dumu. Anza na kibuyu cha kugandishia maziwa, kile kirefu kilichong'aa kwa kushikwa na mafuta. Kifuate na kata ya kuchotea maji. Kisha manyanga, yenye mbegu zinazolia ndani. Halafu zeze, ala ya nyuzi ya Wagogo, ambalo tumbo lake la kutolea sauti ni kibuyu kilichowambwa ngozi. Kufika hapo mtazamaji ameshaelewa bila kuambiwa, na sasa unaweza kumpeleka mbali: taa ya kibuyu kilichotobolewa matundu madogomadogo, kazi ambayo mafundi wa Uturuki wanaifanya sana. Rangi hazifanani hata kidogo, kuna kahawia, kuna njano, kuna nyeusi ya moshi, lakini vyote vinazungumza.

Sasa upangaji. Wengi wangetanguliza zeze kwa sababu ndilo la kuvutia. Mimi nisingelitanguliza. Picha ya kwanza ndiyo jalada, na jalada kwenye simu hukatwa mraba. Shingo ndefu ya zeze inaliwa juu, linabaki tumbo peke yake, na mgeni anadhani ni bakuli. Kibuyu cha maziwa kikipigwa picha kwenye mwanga wa asubuhi, ukuta mtupu nyuma yake, kinakaa chote ndani ya mraba. Zeze liweke katikati, pale ambapo mtu ameshaamua kubonyeza.

Bei nazo zichanganye. Kukiwa na vitu vya dola 200 vitupu, mtazamaji anageuka mtalii wa makumbusho. Kata ya bei ndogo inampa cha kununua leo, na taa ya bei kubwa inampa cha kurudia.

Sehemu ngumu ni kuacha. Utakutana na kikapu kizuri mno, umekipenda, muuzaji wake unamfahamu. Si kibuyu. Kitunzie orodha nyingine.

"Andika 'Kimasai', wazungu wataelewa."

Hili linaniudhi. Shanga za Warangi zinaandikwa Kimasai. Mkoba wa ngozi ulioshonwa Dodoma mjini, Kimasai. Vikapu vya milulu wanavyosuka akina mama wa Kihehe huko Iringa vinaandikwa "kikapu cha Kiafrika" kana kwamba bara zima linakaa kitongoji kimoja. Nimeona muheme, ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huipiga wakiwa wameibana kwa mapaja, imeitwa djembe. Djembe ni ya Afrika Magharibi, Mali na Guinea, na anayeijua ataona mara moja kwamba muuzaji na mwandaaji wote hawakijui wanachokionyesha.

Jina sahihi linauza. Wapo watu ng'ambo waliokwishalisikia zeze na ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, kwa Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuupeleka muziki wa Kigogo kwenye majukwaa ya dunia, nao wanatafuta kwa majina hayohayo. Wengine hawajui jina, wanatafuta kwa umbo na matumizi. Kwa hiyo kichwa cha orodha kibebe vyote viwili: jina la kwetu, na neno la kawaida kwa lugha ya mnunuzi. Muuzaji naye ana nafasi ya kuweka maneno 13 ya utafutaji kwenye kila bidhaa Etsy, kila moja lisizidi herufi 20. Ukijua ameacha nane wazi, mwandikie umshauri. Kichwa kama "Vipendwa vyangu 3" hakimsaidii mtu yeyote, hata wewe mwenyewe baada ya mwezi.

"Picha ikishakuwa mtandaoni ni ya wote."

Ukiweka kitu kwenye orodha ndani ya soko lenyewe, picha inabaki kwa mwenyewe na anayebonyeza anapelekwa dukani kwake. Hilo linaruhusiwa, ndiyo kazi yake. Kuipiga picha skrini, kukata jina la duka, kuiposti kwenye ukurasa wako na kuandika "ipo, njoo inbox" ni jambo lingine kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha kama kazi nyingine za ubunifu. Tuma linki.

"Mpingo umepigwa marufuku, usiuweke."

Mpingo umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, na orodha ya pili maana yake ni biashara inayodhibitiwa. Marufuku ni neno lingine. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa: vitu vilivyokamilika, kama vinyago, vikiwa na mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, viliondolewa kwenye hitaji la kibali cha CITES, na ala za muziki zilizokamilika pia. Taratibu za nchini za kusafirisha mazao ya misitu zinabaki palepale, na wa kuulizwa ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ngozi ndiyo ya kuangalia kwa makini zaidi. Kama zeze limewambwa ngozi ya mbuzi, muuzaji aandike mbuzi. Kama ni ya kenge, hapo CITES inaingia tena, na kifurushi kinaweza kuishia forodhani. Mimi kitu ambacho muuzaji hakusema ngozi yake ni ya nini sikiweki.

"Ukiwekwa kwenye orodha, umeuza."

Umeonekana tu. Bei, gharama ya kutuma na majibu ya muuzaji ndivyo vinavyouza.

"Ukishaipanga, kazi imekwisha."

Kwa vitu vya kiwandani labda. Kitu cha mkono mara nyingi ni kimoja, na kikiondoka kinaacha pengo, au neno "kimeuzwa" juu ya picha yako nzuri. Kwetu hapa kuna na msimu. Mvua ni moja, kati ya Desemba na Aprili hivi, na akina mama wengi wanaofinyanga ndio haohao wanaolima. Chungu kinataka kikauke kivulini kabla ya kuchomwa, na kuni zenyewe zikilowa ni shida tupu. Orodha ya vyungu iliyopangwa Septemba ikiwa imenona, ukiifungua Februari utakuta nusu yake imeuzwa na mafundi wako shambani wanapalilia mtama na uwele. Usiijaze kwa vitu vya ovyo ili mradi idadi itimie. Ifanye ya siri, wapigie wauzaji mwezi Juni uwaulize kama tanuri limeanza, ndipo uifungue tena.