Sayansi ya kuchezea: chumba ambacho utundu umeruhusiwa

Kiswahili kina neno linalobadilika sura kulingana na umri wa anayeambiwa. Fundi akiifungua redio iliyowashinda wenzake, akaunga waya wa huku na kipande cha kule mpaka ikaimba, tunasema fundi yule ni mtundu, na kesho yake tunampelekea na pasi. Mtoto wa miaka minne akiifungua redio hiyohiyo, naye tunamwita mtundu, ila safari hii neno linaandamana na kofi. Wote wawili wanataka kujua sauti inatoka wapi. Tofauti yao ni kwamba fundi ana kibanda chake.

Sayansi ya kuchezea ni kumpa mtoto kibanda chake. Vyuoni wanakoandaliwa walimu huitwa ujifunzaji wa sayansi kupitia michezo, na maana yake ni hii: mtoto anafahamu namna vitu vinavyofanya kazi kwa kuvishika, kuvimwaga, kuvibomoa na kuvijaribu tena, mahali palipoandaliwa ili kujaribu huko kusimletee madhara wala ugomvi. Neno zito hapo ni "palipoandaliwa". Mtoto kucheza hahitaji kufundishwa. Kinachohitaji akili ya mkubwa ni kupanga mahali, kuchagua vitu, na kujua wakati wa kunyamaza.

Neno "mchezo" nalo lina mkosi wake. "Acha mchezo" maana yake fanya la maana. "Kazi hii si mchezo" maana yake ni ngumu. Lakini kina mama wanaochangishana hela na kupokezana kwa zamu wanauita mchezo pia, na mle hakuna anayetania: chelewesha hela ya mchezo uone. Mtoto anapomimina maji kutoka kopo hili kwenda lile mara ishirini bila kuinua kichwa, anacheza mchezo wa aina hiyo ya pili.

Sasa, kwa nini ndani ya chumba? Zamani uwanja ulikuwa nje na haukuwa na kiingilio. Tumekua tukipika matope, tukisukuma magari ya makopo na waya, tukitengeneza mfereji mvua ikinyesha na kuuziba kwa udongo tuone maji yatapita wapi. Mambo hayo yote ni sayansi, ingawa hakuna aliyetuambia. Lakini kiwanja kimeshajengwa fremu za maduka, bodaboda zinapita mlangoni, mwenye nyumba hataki makelele uani, na masika yakishuka Machi mpaka Mei mtoto wa Dar es Salaam anashinda mbele ya televisheni. Ndipo wazazi wenye uwezo huwapeleka watoto kwenye sehemu za kuchezea za maduka makubwa: bwawa la mipira ya rangi, kasri la kupulizwa, trampolini, na unalipa kwa saa.

Siyadharau hayo. Mtoto akiruka anajenga mwili, akisukumana na wenzake anajifunza zamu. Ila mpira wa plastiki una jibu moja tu: ukiutupa, unaanguka kati ya wenzake. Chumba cha sayansi kina vitu vyenye majibu tofauti kila unapobadilisha swali. Hata pale pa kutelezea panaweza kugeuka kuwa sayansi, endapo kuna mtu anayemruhusu mtoto ashuke kwanza akiwa na soksi, kisha pekupeku, kisha amekalia kipande cha zulia, aone lipi lina mbio. Sehemu nyingi za kulipia haziruhusu. Sheria zimebandikwa ukutani na kuna dada wa kuzisimamia.

Wazo la jumba zima kwa ajili ya udadisi wa watoto lina umri mkubwa kuliko wengi tunavyodhani. Makumbusho ya kwanza ya watoto yalifunguliwa Brooklyn, New York, Desemba 1899. Boston ikafuata 1913. Huko Boston, Michael Spock alipochukua uongozi mwaka 1962 alivitoa vitu kwenye makabati ya vioo ili watoto wavishike. Baba yake alikuwa daktari maarufu wa watoto, Benjamin Spock, kwa hiyo huenda mambo ya malezi yalikuwa mezani kwao tangu zamani. Miaka saba baadaye, 1969, mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua Exploratorium mjini San Francisco. Ni mdogo wake Robert Oppenheimer, yule mwanafizikia wa bomu la atomiki. Frank alilazimika kuacha kazi ya chuo kikuu kwa sababu za kisiasa, akafuga ng'ombe Colorado, akafundisha sekondari ya kijijini huko, na ndipo akafikia kujenga jumba ambalo kila kitu kimewekwa kiguswe. Kwetu mambo haya bado machache, ila Tanga mjini kuna STEM Park, mahali pa watoto kuchezea sayansi, na aliye karibu hana sababu ya kungoja safari ya Marekani.

Lakini jumba si lazima. Nitaeleza kilichotokea kwenye beseni moja la plastiki, sebuleni, siku ya mvua.

Nilimwekea mpwa wangu, mwenye miaka mitano, beseni la maji, kifuu cha nazi, kijiko cha chuma, kizibo cha soda, kipande cha kuni na chungwa. Kazi ilikuwa kubashiri kipi kitaelea na kipi kitazama kabla ya kukiweka. Kijiko alipatia. Kizibo alikiweka chali kikaelea, akakigeuza ubavu kikazama, na hapo tukatumia dakika kumi nzima kwa kizibo peke yake. Chungwa alisema litazama "kwa sababu ni zito". Likaelea. Akalisukuma chini kwa kiganja, likaruka juu. Nikamwambia tulimenye, na nikalimenya mpaka ule weupe wote ukatoka, maana chungwa linalomenywa barabarani huondolewa ngozi ya juu tu na weupe unabaki. Akaliweka majini. Likaenda chini moja kwa moja.

"Mjomba, limezama!"

"Mbona limezama?"

Akafikiri. "Limevua nguo. Linaona aibu."

Angekuwa darasani angeambiwa amekosea. Mimi nikanyamaza, si kwa busara bali kwa kicheko. Akachukua ganda akalifunika chungwa kama kofia, akaviachia vyote. Ganda likabaki juu, chungwa likashuka. Akarudia. Mara ya tatu akasema, "Maganda ndiyo yanayojua kuogelea."

Hapo kuna fizikia yote unayoitaka kwa umri ule. Ganda la chungwa, hasa ule weupe ulio kama sponji, limejaa vijishimo vya hewa. Likiwa limelizunguka tunda, chungwa zima huwa jepesi kuliko maji yanayoweza kujaa nafasi ileile, hivyo linaelea. Ukilimenya, umelipunguzia uzito kwenye mizani, lakini umeliondolea hewa nyingi zaidi, na linazama ilhali limekuwa jepesi kuliko mwanzo. Hilo la mwisho huwachanganya hata watu wazima. Mtoto hakuhitaji neno "ujazo" ili alione. Alihitaji chungwa la pili, kwa sababu la kwanza alishaanza kulila.

Tazama pia alivyofanya: alibashiri, akajaribu, akashangaa, akatoa sababu, akaipima kwa kulivalisha chungwa kofia, akaibadilisha. Ndivyo mwanasayansi anavyofanya kazi, pengine kwa koti jeupe na bajeti kubwa.

Wapo wanaodhani sayansi ya kuchezea ni somo lililopakwa rangi. Mwalimu anaimba wimbo wa sehemu za mmea, watoto wanaitikia, wanapiga makofi. Ni jambo zuri, linachangamsha, lakini hakuna aliyegusa mmea. Hilo ni kukariri kwa mdundo. Upande mwingine kuna kuwaachia tu: vitu vimemwagwa sakafuni, mkubwa yuko kwenye simu. Watoto watafaidi, ila mengi yatawapita. Katikati kuna kile ambacho wanasaikolojia wa Marekani kama Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff wamekiandikia kwa miaka mingi, mchezo wa kuongozwa. Mkubwa anachagua vitu akiwa na lengo kichwani, na mtoto ndiye anayeshika usukani.

Kuongoza huko kuna kipimo chake, na kukizidi kunaharibu. Mwaka 2011 mwanasaikolojia Elizabeth Bonawitz na wenzake walichapisha utafiti ninaoupenda sana. Walitengeneza kichezeo cha mabomba ya plastiki kilichofichwa mambo manne: bomba moja lilitoa mlio ukilivuta, kwingine kulikuwa na taa, kwingine sauti za muziki, kwingine kioo. Baadhi ya watoto walionyeshwa kwa makini, kama mwalimu anavyofundisha, namna ya kuutoa ule mlio. Wengine walimwona mtu mzima akiugundua kana kwamba kwa bahati. Kisha wote wakaachiwa kichezeo. Waliofundishwa walicheza muda mfupi zaidi na wakagundua machache zaidi ya yale yaliyobaki. Ukikaa ukafikiri, hawakuwa wajinga. Mtu anayejua akikuonyesha jambo moja na kunyamaza, ni haki kudhani hakuna la pili.

Maswali nayo yana mtego. Jean Piaget, Mswisi aliyechunguza fikra za watoto karne iliyopita, aliwaonyesha bilauri mbili zenye maji sawa, kisha akaimimina moja kwenye chombo chembamba kirefu. Watoto wa miaka minne mitano husema kile kirefu kina maji mengi zaidi. Jaribu nyumbani, utaona. Ila watafiti wa baadaye waligundua kwamba katika majaribio ya aina hii, kuuliza swali lilelile mara mbili, kabla na baada, kunachangia makosa. Mtoto anajiuliza: huyu mkubwa kaniuliza tena, basi jibu la kwanza halikumpendeza. Kwa hiyo mwulize mara moja, halafu subiri. Kusubiri ndiyo sehemu ngumu. Sisi wakubwa hatuvumilii ukimya wa hata sekunde tano.

Kwenye shule zetu jambo hili lipo kwenye maandishi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na mtaala unataka darasa la awali liwe na kona za ujifunzaji, mojawapo ikiwa kona ya sayansi. Nimeingia darasa moja nikaikuta kona hiyo imepambwa vizuri kweli: sumaku, lenzi ya kukuzia, mbegu kwenye chupa, vyote vimepangwa kwenye rafu ya juu ambayo hata mimi niliifikia kwa kunyoosha mkono. Nikauliza watoto huvichezea saa ngapi. Mwalimu akatabasamu: vinashushwa wageni wakija. Simlaumu sana. Ana watoto wengi, sumaku ni moja, na ikipotea ni yeye atakayeulizwa.

Ndiyo maana napenda zaidi njia ya vitu visivyouma vikipotea. Programu ya Madrasa ya Wakfu wa Aga Khan, iliyoanzia Mombasa miaka ya 1980 na kuvuka hadi Zanzibar na Uganda, iliwafunza walimu wa chekechea kutengeneza vifaa kwa vilivyopo: vifuu, makopo, mbegu, vizibo, makuti. Kifuu hakina jina la kiwandani wala maelekezo, kwa hiyo mtoto ndiye anayeamua ni mashua, kofia, mizani au ngoma.

Chumba chako hakihitaji zaidi ya hapo. Tochi na ukuta mweupe vinatosha kwa jioni nzima ya vivuli: mkono ukisogea karibu na tochi kivuli kinakuwa jitu, ukisogea ukutani kinarudi cha mtoto. Mbao na kitabu chini yake ni mlima wa kuteremshia gari la kopo. Chini tandika mkeka wa zamani, na ukubali mapema kwamba utalowa.

Mambo matatu tu sicheki nayo. Beseni la maji haliachwi na mtoto mdogo hata kwa dakika ya kupokea simu. Kwa wa chini ya miaka mitatu, kinachoweza kupita ndani ya kile kibomba cha boksi cha katikati ya karatasi ya chooni kisiwepo chumbani, na maharage hata kwa wakubwa kidogo yaangaliwe, maana yakiingia puani yanavimba. Na zile sumaku ndogo za duara zenye nguvu zitoke kabisa: mtoto akimeza mbili zinaweza kuvutana ndani ya utumbo na kuutoboa.

Mpwa wangu alirudi kesho yake, mvua bado inanyesha, na mifuko ya gauni imejaa matunda ya jikoni kwao. Alitia limau majini, likaelea. Akatia ndimu, ambayo ni ndogo na nyepesi kuliko limau. Ikazama. Akanigeukia, mikono kiunoni kama mama yake.

"Mjomba, hii mbona imevaa nguo?"

Sikuwa na jibu tayari. Nikaenda kuchukua kisu.